Milioni 45 Si Balansi

Ukitoka Bwera kwenda mpakani Mpondwe kwa bodaboda, ukampa dereva noti ya 5,000, unangoja balansi. Kwetu Uganda balansi ni chenji, fedha inayorudi mkononi mwako kabla hujaondoka. Neno hilohilo ndilo linaloandikwa kwenye agrimenti za kuuza nyumba: muuzaji amepokea milioni 15, balansi ni milioni 45, nayo italipwa kidogo kidogo kwa miaka 3. Linganisha balansi hizi mbili. Ya kwanza inachukua nusu dakika. Ya pili inachukua miaka, na muda huo wote nyumba imekwisha kuondoka mikononi mwa mwenyewe.

Katika insha hii ninapinga desturi moja iliyoenea Kasese na Bwera, nayo ni ya mwenye nyumba kumuuzia mwekezaji kwa malipo ya awamu na kumkabidhi nyumba, funguo, wapangaji na karatasi zote siku ya malipo ya kwanza. Nasema kwamba huyo hajauza tu. Amekopesha. Amekuwa benki bila kujua kwamba ni benki, na kwa kuwa hajui, hakuomba riba, hakuomba dhamana, wala hakuuliza mkopaji wake anadaiwa na nani mwingine.

Sina ugomvi na malipo ya awamu yenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi anayenunua kiwanja cha jirani yake kwa kulipa kila mwisho wa mwezi, ili ajenge akae na watoto wake, anafanya jambo jema, na anayempa nafasi hiyo anafanya jambo jema zaidi. Hao wanaonana kila siku kisimani na kanisani. Ninayemzungumzia ni mtu mwingine. Hatakaa katika nyumba hiyo hata usiku mmoja. Anainunua ili aipangishe, aigawe vyumba, au aivunje ajenge maduka, na pengine ana agrimenti nyingine tano za namna hii, kila moja ikiwa na balansi yake.

Kwa nini mtu huyu amekuja kwetu sasa? Wilaya ya Kasese ni nyembamba kwa watu wake kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Juu kuna hifadhi ya Milima ya Rwenzori, chini kuna hifadhi ya Queen Elizabeth, na sisi tumebanwa katikati. Mji wa Kasese ulikuzwa na reli iliyofika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mgodi ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walibaki na nyumba bila mishahara. Mto Nyamwamba ukafurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, na familia nyingi zikalazimika kuanza upya. Halafu Juni 2021 marais wa nchi zetu mbili, Museveni na Tshisekedi, walizindua Mpondwe ujenzi wa barabara ya kutoka Kasindi kwenda Beni na Butembo. Kila aliye na macho akaelewa kwamba malori yataongezeka, na palipo na malori pana wanaotafuta pa kulala, pa kula na pa kuweka mzigo. Kwa hiyo upande mmoja kuna watu wenye nyumba na shida za haraka, ada za shule na bili za hospitali, na upande wa pili kuna watu wenye mipango mikubwa na fedha pungufu. Malipo ya awamu ndiyo daraja lililojengwa kati yao. Swali langu ni nani anayebebeshwa uzito wa daraja hilo.

Tufanye hesabu. Bei nimezichagua mimi ili ziwe nyepesi, lakini mtu wa Bwera hatashangaa akizisoma. Mama mmoja ana nyumba ya vyumba 10 vya kupangisha, ile tunayoiita mizigo. Kila chumba kinatoa 100,000 kwa mwezi, jumla milioni 1. Mwekezaji anakubali kununua kwa milioni 60. Anatoa 15 leo. Zinabaki 45, zitakazolipwa kwa miezi 36, yaani milioni 1 na 250,000 kila mwezi. Mama anafurahi. Hajawahi kushika milioni 15 kwa pamoja, na tena kila mwezi atapata zaidi ya alichokuwa akikusanya kwa wapangaji.

Sasa mtazame mwekezaji. Tangu mwezi wa kwanza wapangaji wanamlipa yeye ile milioni 1. Anaichukua, anaongeza 250,000 kutoka mfukoni mwake, anampelekea mama. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Baada ya miaka 3 wapangaji wametoa milioni 36. Mwekezaji mwenyewe ametoa zile 15 za mwanzo na nyongeza za 250,000 mara 36, ambazo ni milioni 9. Jumla milioni 24. Kwa milioni 24 amepata nyumba ya milioni 60. Zilizobaki zimetoka wapi? Zimetoka katika vyumba vya mama yuleyule. Amelipwa kwa kodi ya nyumba yake mwenyewe, naye akasema asante.

Mwanafunzi wa uchumi ataniambia kwamba hapo hakuna wizi, kwamba kila mnunuzi anayetumia mkopo hulipa kwa mapato ya mali aliyoinunua, na kwamba ndivyo biashara inavyokwenda duniani kote. Nakubali. Lakini angekwenda benki kukopa hizo milioni 45, benki ingemwomba nini? Benki zetu hukopesha kwa riba inayozunguka asilimia 18 hadi 20 kwa mwaka. Kwa asilimia 18, mkopo wa milioni 45 wa miezi 36 unalipwa karibu milioni 1 na 627,000 kwa mwezi. Mama anapokea milioni 1 na 250,000. Tofauti hiyo, 377,000 kila mwezi kwa miezi 36, ni zawadi ambayo maskini anampa tajiri, na hakuna anayeitaja hata siku ya karamu. Ukiigeuza hesabu, ahadi ya milioni 45 kwa masharti hayo ina thamani ya milioni 34 na nusu hivi leo. Nyumba iliyotangazwa kuuzwa milioni 60 imeuzwa chini ya milioni 50.

Tena hapo nimechukulia kwamba shilingi inatulia. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uganda ulipita asilimia 10 kwa mwaka. Oktoba 2011 ulipita asilimia 30. Aliyeuza nyumba mwanzoni mwa 2011 kwa awamu za bei moja isiyobadilika alikuwa akipokea noti zilezile mwezi baada ya mwezi huku sukari na sabuni zikimkimbia. Agrimenti yake haikuwa na kosa la hesabu. Kila mwezi alilipwa alichoahidiwa.

Wazee wa pwani walikuwa na jina la biashara ya namna hii. Mfanyabiashara wa bara alipochukua nguo na shanga kwa tajiri wa Unguja au Bagamoyo bila kulipa, akaahidi kulipa atakaporudi na pembe, aliitwa mtu aliyechukua mali kauli. Ninalipenda neno hilo kwa sababu halifichi kitu: mali imekwenda, kilichobaki ni kauli. Aliyetoa mali kauli alijua kwamba amekopesha. Aliweka faida yake ndani ya bei, akaandika daftari, akataka mdhamini. Na katika Zanzibar ya karne ya 19 wenye fedha walikwenda mbali zaidi. Mwenye shamba la karafuu aliyetaka fedha aliweza kumuuzia mkopeshaji shamba lake kwa mauzo ya hiari, akiwa na haki ya kulikomboa akirudisha fedha, na huku akiendelea kulitumia kama mpangaji. Yaani mkopeshaji alijiandika mwenye mali mpaka deni liishe. Mashamba mengi yalitumbukia katika madeni hadi serikali ya kikoloni ikatoa amri mwaka 1934 za kuzuia ardhi isiendelee kuhama kutoka kwa Waarabu na Waafrika. Siwasifu wakopeshaji wale. Nataka tu uone walivyojua kushika karatasi. Mkopeshaji wa Unguja alishika umiliki mpaka alipwe, na mkopeshaji wa Bwera anautoa kabla hajalipwa.

Anautoa kwa sababu ya jinsi siku yenyewe ya kutia saini inavyopangwa. Nenda ukaangalie. Yuko dalali aliyemleta mnunuzi. Yuko mwenyekiti wa LC ya kwanza na muhuri wake. Wako mashahidi wa pande mbili, yuko aliyeandika, na pengine yuko fundi wa kupima. Soda zinanunuliwa. Kila mmoja wa watu hao analipwa siku hiyohiyo, kutoka katika malipo ya kwanza. Dalali anachukua asilimia yake kwa bei nzima ya milioni 60, ingawa zilizofika mezani ni 15. Mwenyekiti anachukua ada ya muhuri. Jioni wote wameondoka na chao, na katika watu wote waliokuwa pale ni mmoja tu anayeendelea kungoja. Kisha tunashangaa kwa nini hakuna aliyemshauri vizuri. Nani angemshauri? Ushauri mzuri ungechelewesha mauzo, na mauzo yakichelewa hakuna soda.

Karatasi yenyewe mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Muuzaji anasoma Lhukonzo, anasema Kiswahili cha Kasindi, na hapo ameweka dole gumba chini ya maneno asiyoyajua. Sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma ni ya tangu enzi za mkoloni. Inamtaka anayemwandikia mtu wa namna hiyo aandike jina na anwani yake kwenye hati, kama uthibitisho kwamba aliagizwa kuandika na kwamba alimsomea na kumweleza. Ni agrimenti ngapi umeziona zenye jina na anwani ya mwandishi? Na Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wowote wa thamani inayozidi pointi 25 za fedha, ambazo ni shilingi 500,000, uwe wa maandishi. Kuandika basi ni lazima. Kuandika kwa lugha anayoielewa muuzaji hakujakatazwa na yeyote, na sisi tunaosoma Kiswahili tungekuwa wa kwanza kuuliza kwa nini hakufanyiki.

Hatari kubwa kuliko zote inakuja pale ardhi ilipo na hati miliki. Mwekezaji anasema: nipe hati nikabadilishe jina mapema, maana foleni ofisini ni ndefu, na huku naendelea kukulipa. Anatoa fomu ya uhamisho, muuzaji anatia saini. Baada ya miezi michache jina kwenye hati ni la mwekezaji. Hapo anafanya jambo ambalo huenda hata halikuwa la hila tangu mwanzo. Anaipeleka hati benki na kuiweka rehani ili apate fedha za ujenzi. Benki inatazama hati, inaona jina lake, haioni deni la mtu mwingine, inakopesha na kuandikisha rehani yake. Biashara ikienda vibaya, benki inauza. Sheria ya uandikishaji wa hati inamtambua aliyeandikwa, na kumwondoa inahitajika kuthibitisha udanganyifu, jambo gumu na la gharama mahakamani. Mama ana agrimenti yenye muhuri wa LC. Benki ina rehani iliyoandikishwa. Wote wawili walimkopesha mtu yuleyule kwa nyumba ileile, na mmoja wao ndiye aliyekuwa mwenye nyumba hapo awali, lakini ni yule wa pili atakayelipwa kwanza.

Tena rehani ya benki inaongozwa na Sheria ya Rehani ya 2009, iliyoandikwa kwa uangalifu. Mkopaji akishindwa kulipa, anapewa notisi na siku 45 za kazi kurekebisha. Asiporekebisha, kuna notisi ya kuuza na siku nyingine 21 za kazi. Kila mmoja anajua kitakachofuata. Sheria hiyo haijamkataza mama kuwa mwenye rehani. Angeweza kuhamisha jina na siku hiyohiyo akaandikisha rehani yake ya milioni 45 juu ya hati. Au angebaki na hati mpaka awamu ya mwisho. Au, kama mnunuzi ameshaishika hati iliyo bado na jina la mama, angeweka zuio, kaveati kama wanavyosema ofisini, lisifanyike jambo juu ya ardhi hiyo bila yeye kupewa taarifa. Njia zote tatu zipo, na wanaozijua vizuri zaidi ni mawakili wa wawekezaji.

Lakini sehemu kubwa ya ardhi yetu haina hati. Ni ya kimila. Sheria ya Ardhi ya 1998 iliruhusu cheti cha umiliki wa kimila, na wachache wanacho. Wengine wana agrimenti ya babu, mti wa mpaka, na kumbukumbu ya majirani. Wengi hudhani kwamba hapo hakuna cha kupoteza kwa kuwa hakuna hati ya kuporwa. Mimi nadhani hapo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu anayekaa ndiye anayeaminiwa. Mwekezaji akishaingia, akavunja ukuta, akajenga maduka mawili mbele, akauza moja kwa mtu wa tatu, nani atairudisha nyumba ya zamani? Ile sentensi ambayo watu huniambia kila tunapobishana, kwamba agrimenti inasema asipolipa nyumba itarudi kwa mwenyewe, inasahau kwamba nyumba hairudi kwa miguu yake. Itarudishwa na mahakama, na muuzaji atalazimika kwanza kuzirudisha zile milioni 15, ambazo zilikwisha kulipa ada na bili, au kubishana kama zilikuwa za kurudishwa.

Kwetu mpakani kuna jambo jingine ambalo mtu wa Kampala halifikirii. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu, lugha ni moja, na fedha ya Butembo inavuka kila siku ya soko. Mfanyabiashara wa Kongo anapotaka nyumba Mpondwe, sheria yetu haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ya umiliki kamili. Anachoweza kupata ni kodi ya muda mrefu isiyozidi miaka 99. Kwa hiyo wapo wanaonunua kwa jina la ndugu wa upande huu. Agrimenti inaandikwa kwa jina la shemeji ambaye hana hata mbuzi. Mwenye fedha akipatwa na jambo, na upande ule wa mpaka watu wamepatwa na mengi, malipo yanasimama, na muuzaji anabaki akimdai shemeji. Simlaumu Mkongo anayetafuta mahali pa usalama kwa watoto wake. Namlaumu anayemwambia muuzaji kwamba jina lililo kwenye karatasi halina maana.

Na bado sijataja mke. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya 2004 yanakataza kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mume au mke anayekaa humo. Katika mauzo ya awamu ridhaa hii ina uzito wa pekee, kwa sababu mauzo hayaishi siku moja. Baba anatia saini, anapokea awamu mbili, anafariki. Mwekezaji anakuja na karatasi, mama anasema hakuambiwa. Sasa hata mwekezaji mwaminifu anaumia. Sahihi ya mama ingewaokoa wote.

Wenzangu hunijibu kwa mambo matatu. Wanasema kwanza kwamba haya ni mambo ya kusaidiana, na Mwafrika hamwandikii mwenzake kama benki. Ningeelewa kama anayesaidiwa angekuwa mhitaji. Lakini hapa anayesaidiwa ni mwenye gari la kubeba saruji, na anayesaidia ni mjane. Kusaidiana huku kunateremka mlima upande mmoja tu.

Wanasema pili kwamba benki hazitukopeshi watu wa huku, kwa hiyo bila awamu nyumba hazitauzika kabisa. Hili ni la kweli na ndilo lililonifikirisha zaidi. Hapa nawaomba mtazame Chicago. Katika miaka ya 1950 na 1960 familia za Wamarekani weusi walinyimwa mikopo ya benki kwa sababu ya mitaa waliyokaa na rangi yao. Wakanunua nyumba kwa awamu kutoka kwa walanguzi waliokuwa wamezinunua rahisi na kuziuza ghali. Hati ilibaki kwa muuzaji mpaka awamu ya mwisho, na mnunuzi aliyekosa malipo hata ya mwezi mmoja aliweza kufukuzwa na kupoteza yote aliyokwisha kulipa. Mwaka 1968 wanunuzi wa mtaa wa Lawndale waliungana, wakaunda chama, na baadaye wakagoma kulipa mpaka mikataba ijadiliwe upya. Kule aliyeumia alikuwa mnunuzi. Kwetu anayeumia ni muuzaji. Mkataba ni ule ule wa awamu, na chanzo ni kile kile, benki kukataa. Aliyeumia katika nchi zote mbili ni yule ambaye hakushika karatasi na hakujua masharti. Kwa hiyo ninapomtaka muuzaji wa Bwera ashike hati, simtaki awe mlanguzi wa Chicago kwa yule mwalimu wa kijijini. Sharti la kupoteza yote kwa kukosa mwezi mmoja ni la kikatili likiandikwa na yeyote. Siku 45 za Sheria ya Rehani zingetosha kwa mwalimu na kwa mwekezaji pia.

La tatu ni la dini. Ndugu zangu Waislamu huniuliza kama nawataka wale riba. Sivyo. Anayeuza anaweza kutaja bei mbili tangu mwanzo, moja ya fedha taslimu na nyingine ya awamu, wakakubaliana juu ya moja kabla ya kuachana, na hilo wanazuoni wengi wameliruhusu. Kinachonisikitisha ni kwamba bei ya pili haitajwi kamwe. Mnunuzi anasema milioni 60, na zinabaki milioni 60 hata akichukua miaka 3 au 5.

Ningekuwa wa kumshauri yule mama kabla soda hazijafunguliwa, ningemwambia aulize bei ya awamu iwe juu ya bei ya taslimu, na aombe malipo ya kwanza yafike angalau theluthi. Wapangaji waendelee kumlipa yeye, na kodi yao isihesabiwe kuwa malipo ya mnunuzi, mpaka nusu ya deni iwe imekwisha. Hati ibaki kwake, au rehani iandikishwe, na kama hakuna hati, agrimenti iseme wazi kwamba hakuna kuvunja, kujenga wala kuuza kwa mtu wa tatu kabla ya awamu ya mwisho. Malipo yapitie benki au simu, yaache alama. Mume na mke watie sahihi. Dalali naye alipwe kwa awamu, kila mnunuzi anapolipa. Sharti hili la mwisho watu hulicheka, lakini nadhani lingebadilisha mengi kuliko yote niliyotaja, kwa sababu dalali angeanza kuchunguza kama mteja wake ana fedha.

Neno balansi lisionekane popote. Paandikwe: mnunuzi amekopeshwa na muuzaji milioni 45.

Najua atakachosema mwekezaji akisikia masharti haya. Atasema kwamba nyumba ziko nyingi, atakwenda Kasese mjini, Hima au Katwe, akatafute muuzaji asiye na maneno. Pengine atakwenda kweli. Wakati huo mama atakuwa bado na vyumba 10 na wapangaji wake, na milioni 1 itaingia mwisho wa mwezi kama ilivyoingia mwezi uliopita. Ada ya muhula ikimbana, akope milioni 3 kwenye SACCO na kuzilipa kwa kodi ya vyumba vyake. Riba ya SACCO si ndogo. Lakini ukiiweka kando ya zile milioni 10 na zaidi alizokuwa akimpunguzia mwekezaji bila kuombwa, utaona ni mkopo upi uliokuwa ghali.